Joho la Siku Arobaini

Kabla hajafika ghorofa ya pili, Mwanamkasi alikuwa keshaanza kupumulia mdomo. Harufu ya nyumba ya Bi Muzna haikungoja mgeni afike. Ilishuka ngazi kumpokea. Juu yake udi, katikati kafuri, na chini kabisa kitu chengine, kichachu, cha mnyama, mfano wa banda la mbuzi lililonyeshewa. Kila jioni alijiambia kesho pua itazoea. Siku ya kumi na tatu hiyo, na pua bado haijakubali.

Alikuwa akienda kumtazama mdogo wake. Saadiya alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mzazi wa kwanza kwa desturi hurudi kwa mamake akalelewa siku arobaini. Wao mama yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Mwanamkasi alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga kule Chukwani. Basi arobaini ikakaliwa kwa mkwe, Mji Mkongwe, na kila atokapo kazini Mlandege Mwanamkasi alipita kuchemsha maji, kumkanda mdogo wake, kufua nepi za siku mbili, za leo na za jana, na kuinusa harufu ile.

Harufu ilikuwa ya joho. Babu mkuu wa nyumba, Mzee Hashil, alikuja nalo kutoka Maskati: joho la sufu ya ngamia, rangi ya tende, zito kama mkeka uliolowa. Tangu siku zake, mtoto wa kiume wa kwanza wa kila kizazi hufungwa ndani yake siku arobaini, kuanzia shingo hadi vidole vya miguu. Na halifuliwi. Baraka ya mzee imo mle kwenye sufu, alisema Bi Muzna, ukilifua umemfua yeye. Linaanikwa, linafukizwa udi, linarudishwa sandukuni na kafuri zake likamngoje mwengine. Mwanamkasi, ambaye hesabu aliiacha darasa la saba, hii aliweza kuipiga: watoto wa vizazi vinne walikuwa wamekojoa humo, wamecheua humo, wamehara humo. Khalil, mume wa Saadiya, mtu mzima mwenye ndevu na kazi bandarini, kojo lake lilikuwemo.

Na sasa alifungwa humo Hashil mdogo, mtoto mwenye jina la mwenye joho, aliyezaliwa mwepesi kama kifurushi cha mikate.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Nenda kamtazame, kaanza tena."

Mtoto alikuwa akilia kilio kile cha kukata, cha paka. Mwanamkasi alilifunua joho shingoni taratibu. Chini ya kidevu, ndani ya mikunjo, ngozi ilikuwa imewiva kama pweza aliyepigwa jiweni. Maji ya manjano yalikuwa yametoka, yakaganda, yakashikana na nywele za ngamia, na alipolibandua joho nywele mbili tatu zilibaki zimenata kwenye kidonda. Alizing'oa moja moja kwa kucha. Mate yalimjaa mdomoni, akayameza.

"Nesi kasemaje?" alimuuliza mdogo wake.

"Kasema harara. Katupa dawa ya kupaka, kasema tumpunguzie nguo. Mkwe wangu kasema nesi mwenyewe mtoto wa juzi."

"Na wewe umesemaje?"

Saadiya alitazama mlangoni. "Mimi nseme nini, dada, katika nyumba ya watu?"

Bi Muzna aliingia na kofia anayoshona mkononi. Mama huyu alikuwa na miaka hamsini ya kushona kofia za viua. Nusu ya maharusi wa mtaa ule walivaa kazi yake. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa kwa sindano, ngumu, zinang'aa kama gamba la kobe. Alilipapasa joho kwa vidole hivyo na macho yakamlegea.

"Hariri," alisema. "Vidole hivi vinajua nguo kabla ya macho. Hakuna sufu laini kama hii Unguja nzima. Kama mtoto ana vipele, basi ni ngozi ya upande wa mamake. Ngozi ya shamba haijazoea vitu."

Mwanamkasi alikuwa mtu wa kukaa pembeni akatazama mpaka jambo lijiseme lenyewe. Na siku ile jambo lilijisema, ila alilisikia vibaya. Alijiambia: huu ni uchafu. Mtoto gani asiyeota vipele ndani ya mkojo wa babu zake?

Siku ya pili yake Bi Muzna alikwenda hitima Bububu, asubuhi hadi jioni. Mwanamkasi aliomba ruhusa kazini. Alimfunga mtoto kwa khanga mbili, akalichukua joho mpaka uwani, akalitia ndani ya beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akapanda juu yake kwa miguu.

Maji yalitoka rangi ya chai, kisha rangi ya kahawa, kisha rangi ambayo hakuwa na jina lake. Povu lilikuwa la kijivu na lilimnata vifundoni. Vitu vilielea: vinyweleo, vipande vya nondo waliokaukia humo, utando wa mafuta uliomeremeta kama tumbo la samaki aliyelala. Na ile harufu, iliyokuwa imelala miaka yote chini ya udi, ikaamka ikasimama uwani. Alikimbia mara mbili karoni kutapika. Mara ya pili hakuwa na cha kutapika. Maji ya nane ndiyo yaliyotoka meupe. Akalianika juani darini, likakauka kwa kuwa siku hiyo palikuwa na upepo wa kipupwe, akalifukiza udi mpaka likajaa moshi. Bi Muzna aliporudi alilinusa, akalipapasa, akamtazama Mwanamkasi, akamfunga nalo mtoto.

Siku tatu baadaye hali ikawa mbaya zaidi. Wekundu ulishuka kifuani, ukazunguka nyuma ya masikio. Mtoto aligeuza shingo huku na huku, na kila akigeuza anajisugua, na kila akijisugua analia.

Hapo ndipo Bi Muzna alipotaka kikombe cha kahawa.

"Kama," alimwambia Saadiya, akimaanisha akamue. Saadiya akajikama, matone yakajaa nusu ya kikombe. Bi Muzna akatuma Khalil amletee sisimizi kutoka dirishani, naye Khalil, na ndevu zake, akaenda akamleta juu ya kidole. Sisimizi akatiwa katika maziwa. Wote wanne wakainama kutazama. Mdudu alipiga miguu, akazunguka, akazunguka, akatulia.

"Kafa," alisema Bi Muzna. "Mmeona wenyewe. Maziwa yana sumu. Kuanzia leo mtoto hanyonyi. Atapewa ya kopo mpaka ngozi ikae sawa, na kama haikukaa, ndiyo basi tena."

"Bi Muzna," alisema Mwanamkasi, "hata maji ya mtungi yangemuua. Kazama."

"Nyinyi kwenu huko Bwejuu sisimizi wanaogelea?"

Khalil alicheka. Mwanamkasi alimgeukia. "Shemeji, na wewe?"

"Mimi mambo ya kina mama siyajui," alisema Khalil, akajipangusa kidole kwenye shuka ya mkewe.

Mtoto alikuwa hana wiki tatu, na uzito wake haukufika wa jogoo. Maziwa ya kopo aliyaonja, akayatema, yakamteremka shingoni yakaingia kidondani. Saadiya aliugeukia ukuta. Khanga yake ilikuwa imelowa kifuani.

Asubuhi yake Mwanamkasi alikuwa Mlandege kwenye duka la Bi Shahida, robota la masweta ya mtumba limekatwa mbele yake. Unguja nani anavaa sweta? Ila Bi Shahida aliyanunua, wakayachambua, wakayapeleka bara kwa wafanyabiashara wa Lushoto na Makete wanakojua baridi. Kazi ya Mwanamkasi ilikuwa kutenga yaliyotoboka. Kazi ya kutenga laini na magumu aliifanya Bi Shahida mwenyewe, na aliifanya kwa namna iliyomtia Mwanamkasi kinyaa miaka minne yote: kila sweta alilipitisha chini ya taya yake, pale pale, bila kufuliwa, likiwa na jasho na nywele za mtu ambaye labda alikuwa keshazikwa.

Siku hiyo aliuliza. "Kwani mkono una nini, Bi Shahida? Mimi najaribu kwa mkono."

"Mkono mwongo, mwanangu. Mkono unafua, unapika, unasugua sufuria. Ngozi yake imeshakuwa kiatu. Shingo haijafanya kazi hata siku moja, ndiyo inayosema kweli. Njoo hapa mlangoni penye mwanga. Tizama ukingoni mwa hili. Unaviona vinyweleo vilivyosimama?"

Mwanamkasi aliviona. Sweta lilikuwa na ndevu, fupi, kama za maiti.

"Kila sufu inazo ncha za kutoka nje. Ikiwa unywele mwembamba, ukigusa ngozi unainama, unalala. Ikiwa mnene hauinami. Unakaa wima pale pale na kuchoma. Hautoboi, lakini ngozi inajua kama inachomwa. Ndiyo tofauti ya usumba wa kamba na sufi ya mto, vyote si vinatoka mtini?"

Mwanamkasi aliujua usumba. Bwejuu alikuwa amefukua makumbi kwenye tope la pwani, yameoza miezi, yananuka mayai mabovu, akayaponda mpaka nyuzi zikamchanachana mapajani.

"Na uchafu?" aliuliza.

"Uchafu unanuka. Hauchomi."

"Na sufu ya ngamia?"

"Ngamia ana nywele mbili. Za ndani, za kumtia joto, hizo laini hata mtoto atalalia. Za nje, za kumkinga na mchanga, hizo shonea gunia. Inategemea mfumaji alichambua au alichanganya. Kondoo vile vile. Yuko wa sufu nyembamba kama utando wa buibui, na yuko wa kutengenezea busati."

"Na ukiifua iliyo nene? Kwa sabuni ya unga, maji ya moto?"

Bi Shahida alicheka. "Hapo umeitoa mafuta yake. Nywele zilizokuwa zimelala kwa jasho na shahamu zinasimama zote. Umezinoa."

Mwanamkasi aliliweka sweta chini. Alikaa juu ya robota. Zile nywele alikuwa amemnolea mtoto wa mdogo wake yeye mwenyewe, kwa miguu yake miwili, akajiona mjuzi.

Baadaye aliokota sweta dogo la kitoto, jeupe la maziwa. Kibandiko chake kiliandikwa merino, kondoo yule wa sufu nyembamba. Lilikuwa na doa la kitu kilichokauka kifuani, uji au kamasi. Alifumba macho, akazuia pumzi, akalipitisha chini ya taya yake kama alivyoona likifanywa miaka minne. Alingoja lichome. Halikuchoma. Lilikuwa kama pumzi ya mtu. Akalirudia upande wa pili, na hapo akapumua, na harufu ya kabati la watu wasiojulikana ikamwingia mpaka kooni.

"Lichukue," alisema Bi Shahida. "Watoto wa Lushoto hawatakufa kwa kukosa moja."

Alilifua kwa maji ya vuguvugu, likakauka. Alasiri ya siku ya pili alipanda ngazi za Bi Muzna. Ndani ya chumba Saadiya alikuwa akijikamulia kwenye bakuli, maziwa yake mawili yamejaa yamekuwa mawe, na bakuli la asubuhi lilikuwa bado chini ya kitanda, limechacha, lina nzi. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akiguna tu, sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kudai. Hilo lilimtisha Mwanamkasi kuliko kilio.

Akaenda ukumbini. "Bi Muzna, nna neno."

"Sema."

"Joho nlilifua. Siku ile ya hitima."

Sindano ya Bi Muzna haikusimama. "Nlijua. Siku ile ile nlijua, nlinusa sabuni ya unga. Nlikuwa nangoja nione una uso wa namna gani. Sasa unataka nikusamehe?"

"Sitaki kusamehewa. Nataka ulivae."

Sindano ikasimama.

"Maziwa hayana kosa," alisema Mwanamkasi. "Na uchafu haukuwa na kosa, mimi nlikosea. Ni unywele. Nene, haulali. Vidole vyako haviusikii kwa sababu ya kazi. Livae shingoni, lishike ngozi, kutoka sasa mpaka adhana ya magharibi. Usipojikuna, nachukua mkoba wangu na hapa sirudi tena, na kopo na liwe kopo. Ukijikuna, mtoto arudi kwenye ziwa."

"Mimi nimemlea Khalil katika joho hili, we mwana."

"Umemlea. Hukulilalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Bi Muzna aliita joho liletwe. Akalikunja, akavua mtandio, akalizungusha shingoni mara mbili, akaokota kofia yake akaendelea kushona.

Kama kusudi, siku hiyo waliingia wageni, wanawake wawili wa nyumba ya pili, kuja kumtazama mzazi. Walikunywa kahawa, wakala halua. Mmoja aliinama mbele. "Bi Muzna, unaumwa? Mbona umejifunga hivyo?"

"Baridi," alisema Bi Muzna.

"Kweli, kipupwe cha mwaka huu," alisema yule mwengine, naye alikuwa akijipepea kwa upepeo.

Mwanamkasi alikaa mlangoni akatazama. Robo saa ya mwanzo hakikutokea kitu. Kisha koo la Bi Muzna lilianza kumeza bila kinywaji. Kidevu kikapanda, kikaenda kushoto, kikarudi. Mkono uliacha sindano, ukanyanyuka mpaka kifuani, ukakumbuka, ukashuka ukaokota kipande cha halua ambacho hakikuliwa. Jasho lilimtoka penye nywele likateremka likaingia ndani ya sufu. Alijidunga sindano; tone la damu likaingia kwenye kofia nyeupe ya watu. Juu ya ukingo wa joho, ile ngozi yake ya uzee, nyembamba, yenye mikunjo kama ya kuku aliyenyonyolewa, ilikuwa inabadilika: waridi, kisha nyekundu, kisha vipele, mstari mzima, vile vile kama vya mjukuu.

Mwanamkasi alitegemea kuona raha. Alichoona ni kinyaa. Kinyaa cha shingo ile, kinyaa cha wale wanawake waliokuwa wakitafuna na kuona na kujifanya hawaoni, na kinyaa chake yeye aliyekaa pale kumtazama bibi wa watu akiungua, huku mtoto chumba cha pili anaguna.

Bi Muzna hakujikuna. Wageni waliaga, jua likaenda, na adhana ikaingia, naye mikono bado iko mapajani.

"Umesikia," alisema, sauti imekauka. "Chukua mkoba wako."

Mwanamkasi aliingia chumbani, akambusu mdogo wake kichwani, akaliweka lile sweta dogo juu ya mto. "Mvishe kwa siri," alimnong'oneza. Kisha akaenda nyuma kumwaga lile bakuli la maziwa, maana hakuweza kuondoka akaliacha. Alichelewa huko, analisugua.

Aliporudi sweta halikuwepo juu ya mto. Saadiya alionesha kwa macho chumba cha mkwe wake.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Bi Muzna alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, joho liko chini sakafuni kama mnyama aliyepigwa. Sweta jeupe alikuwa amelibana shingoni kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo imefunguka kidogo. Alikaa hivyo. Kisha akahisi mtu, akafumbua macho. Sweta hakuliondoa.

"La nani hili?"

"La mtoto."

"La mtumba."

"Naam."

"Kalivaa nani?"

"Sijui, Bi Muzna. Nshalifua."

"Kinyaa kitupu," alisema Bi Muzna, akaligeuza upande mwengine, akaliweka tena shingoni. "Funga mlango."

Khalil aliporudi kutoka msikitini aliwakuta wote chumbani kwa mzazi, wameitwa. Bi Muzna alikuwa amejifunga mtandio mpaka kidevuni.

"Joho limefuliwa," aliwatangazia. "Huyu dada yenu kalifua kwa sabuni ya unga bila ya idhini yangu, baraka imetoka, na sabuni ndiyo iliyomchoma mtoto. Maziwa hayana neno. Mtoeni humo, mvisheni hicho kisweta kama hapana chengine, na anyonye. Na wewe," alimgeukia Mwanamkasi, "mwombe radhi mdogo wako. Muombe na shemeji yako. Umemtesa mtoto wa watu."

"Si nlisema mimi," alisema Khalil.

Saadiya alikuwa keshamchukua mwanawe. Mtoto aliparamia ziwa, akalikosa, akalipata, na chumba kikajaa mlio wake wa kumeza, mlio wa pupa, wa mvua kwenye mfereji. Saadiya aliuma midomo kwa maumivu na hakumtoa. Alimtazama dada yake, na macho yake yalisema usiseme kitu, kwa jina la Mungu usiseme.

Mwanamkasi alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mdomoni yamepangwa, na kila moja lilikuwa la kweli, na lilikuwepo la kwanza kabisa, linaloanzia chini ya ule mtandio. Aliyakusanya kama mtu anavyokusanya makohozi mbele za watu, pasipo pa kuyatema, akayameza.

"Nisameheni," alisema. "Nlikosea kulifua."

Akaenda akauchukua mkono wa Bi Muzna, ule wenye vidole vya gamba, akaubusu. Ulikuwa unanuka ngamia.